Mtaro umesimama wima siku tatu, ya nne unafukia mtu: tatizo ni udongo, bei au sisi wenyewe?

#1 Mrunda Mkavu (mleta mada)

Wakuu, heshima kwenu.

Huku kwetu kuna mkandarasi analaza bomba la maji taka. Juzi saidia fundi mmoja kafukiwa akiwa kachuchumaa anaunga bomba. Mtaro wenyewe si wa kutisha, ukisimama ndani kichwa kinakaribia usawa wa barabara. Ukuta wa kushoto ukakatika kipande kimoja, juu mpaka chini, ukambana na bomba. Alikuwa keshaanza kuinuka, ndiyo salama yake, udongo ukaishia kifuani. Wenzake wamemfukua kwa mikono na makarai. Yuko wodini, mguu na mbavu.

Foremani kila akiulizwa jibu ni lile lile: "Udongo huu ni wa sululu, umesimama tangu Jumatatu, na mvua haijanyesha." Nami nilipita pale kabla. Kuta zimenyooka, alama za meno ya kijiko, ile mashine ya kuchimbia, zinaonekana bado, hakuna hata tonge lililodondoka.

Hoja yangu: udongo unasingiziwa. Mtu anapoomba tenda anaandika bei ya kuchimba kwa mita. Bei ya mirunda na mbao za kushikilia kuta haandiki, kwa sababu akiandika anashindwa na yule ambaye hakuandika. Mengine ni hadithi. Anayepinga aje.

#2 Chepe la Bibi

Nimeshika kahawa na kashata. Injinia wa jukwaa aje na fomula zake tulale mapema.

#3 Mshikamano

Umeita, nimekuja.

Mleta mada una hoja kwenye bei, ila usiuachie udongo uende bure. Mfinyanzi ukiwa na unyevu wake wa kawaida, unyevu huo ndio unaozivuta chembe zishikane. Ukishachimba mtaro, uso unapigwa na jua na kukauka, na udongo wa nyuma yake umepoteza ulichokuwa umekiegemea. Unaanza kusogea taratibu sana. Juu, hatua moja au mbili kutoka ukingoni, unatokea ufa unaokwenda sambamba na mtaro. Huo ufa ndio habari yenyewe, na mara nyingi huuoni kwa sababu mmeshaumwagia kifusi juu yake.

Hesabu ya darasani: udongo wenye mshikamano (nguvu ya chembe kushikana) wa kilopaskali (kPa) 20 na uzito wa kilonewtoni (kN) 18 kwa mita ya ujazo unaweza kusimama wima mita 4 na ushee. Ukishapasuka juu, hesabu hiyo hiyo inashuka mpaka kama mita 3. Maji yakiingia kwenye ufa yanasukuma ukuta kwa ndani, na hapo hata mita 3 usiitegemee. Mchanga mkavu hauna mshikamano kabisa, kwa hiyo jibu lake ni sifuri.

Uzito sasa. Mita moja ya ujazo ni kilo 1,600 mpaka 2,000. Kipande cha mita 2 kwenda juu, mita 2 urefu na nusu mita unene ni zaidi ya tani tatu. Hizo ni Vitz tatu zinakuangukia ukiwa umechuchumaa.

#4 Kabari

Injinia kasema vizuri ila kasema kama vile udongo ni mmoja. Mimi ni fundi, nimeshika sululu kabla sijashika pima maji.

Mchanga wa Boko na Tegeta wala haukudanganyi, unamwagika mbele ya macho yako, kila mtu anaogopa. Msasani shida si ukuta, ni maji: unachimba kidogo chini panachemka, mchanga unaingia kwa chini na ukuta unabaki unaning'inia. Unaoua ni udongo mwekundu, huu wa Moshi na Arusha. Unakatika vizuri, unapendeza, unampa mtu kiburi. Halafu kuna kifusi cha zamani, pale palipochimbwa mwaka juzi kwa bomba la maji pakajazwa. Juu ni nyasi, huwezi kujua. Ukipitisha mtaro mpya sambamba na ule wa zamani, ukuta wako wa katikati ni kipande chembamba tu kisichoshikilia kitu.

Kwa hiyo mleta mada, swali langu ni hili: ule ukuta wa kushoto, upande wake kuna bomba jingine?

#5 Mrunda Mkavu

@Kabari #4 ndiyo, bomba la maji safi linapita upande ule ule. Kati yake na mtaro hapafiki hata mita moja.

#6 Kabari

Basi mimi nimemaliza.

#7 Mita kwa Mita

Hujamaliza mzee wangu, ngoja niongezee la chini.

Mimi nimechimba mitaro ya faiba, nyaya za intaneti. Unalipwa kwa mita. Ukipewa mita kumi, unachimba mita kumi, iwe mwamba au mchanga. Sasa mtu wa kipande atasimama saa nzima kugongelea mbao ambazo hazihesabiwi? Atamwaga kifusi mbali na ukingo wakati kukirusha pale pale kunampunguzia kazi nusu? Hata ngazi hakuna, tunapanda kwa kuchonga vidato ukutani, na hivyo vidato vyenyewe vinaudhoofisha ukuta.

Sisemi bei ya tenda si tatizo. Nasema hata mkandarasi akiweka mbao, malipo ya kipande yanazitoa. Mlipe mtu kwa siku uone kama hatapumzika kukagua ufa.

#8 Wa Mjengo

Hamjambo wadau, nawasalimu kutoka Kitengela.

Huku kwetu ni ule udongo mweusi, wa Athi River mpaka Syokimau. Kiangazi unapasuka mpaka unaweza kutumbukiza mkono. Mvua ikija unafura, unateleza, hauna mpango. Contractor mwenye akili anautoa wote mpaka afike murram, ule udongo mgumu wa changarawe. Lakini mwenye plot ndogo anakuambia chimba tu, na watu wa mkono wako wengi getini asubuhi wanangoja kuitwa. Ukikataa kuingia, nyuma yako kuna watano.

@Mita kwa Mita, huku tunalipwa kwa siku na bado tunafukiwa. Hiyo yako ya kipande naikataa nusu.

#9 Mita kwa Mita

Nusu iliyobaki naichukua, asante.

#10 Bonde la Houston

Niko Marekani, nafanya kazi za mabomba, kwa hiyo naomba niseme ninachokiona kila siku.

Hapa kanuni ya shirikisho iko wazi. Mtaro ukifika futi 5, yaani mita moja na nusu, lazima uwe na kinga: ama ulaze kuta ziwe mteremko, ama ushikilie kwa jeki, ama uweke sanduku la chuma na watu wafanye kazi ndani yake. Mwamba mgumu peke yake ndio unasamehewa. Chini ya kina hicho bado kuna mtu aliyeteuliwa ambaye lazima aukague na kusema hakuna dalili ya kuporomoka. Kuanzia futi 4 lazima pawe na ngazi, na hupaswi kutembea zaidi ya futi 25 kuifikia. Kifusi kikae walau futi 2 kutoka ukingoni. Ukaguzi ni kila siku kabla watu hawajaingia, na tena baada ya mvua. Ukizidi futi 20, mhandisi aliyesajiliwa achore.

Na pamoja na yote hayo, mwaka 2022 walikufa watu 39 kwenye mitaro nchi nzima. Wakaguzi wakaja juu, wakawa wanasimama kwenye saiti yoyote wanayoiona njiani bila taarifa, waajiri wengine wakapelekwa mahakamani kwa jinai. Mwaka 2023 wakawa 15. Udongo wa Marekani haukubadilika ndani ya mwaka mmoja. Bei ya tenda haikubadilika. Kilichobadilika ni woga wa kukaguliwa. Kwangu mimi hilo ndilo jibu la uzi huu.

#11 Chepe la Bibi

Mkuu wa Houston, mkaguzi wa huku akisimama njiani bila taarifa ujue anatafuta soda.

#12 Mtaa wa Saba

@Bonde la Houston #10 hiyo ya kulaza kuta naomba mtu aipigie hesabu kwa mtaa wa Manzese. Nyumba na nyumba hapapiti hata bajaji.

#13 Mshikamano

Naipiga. Kwa udongo mlegevu, huo mtindo wa Kimarekani unataka mita moja na nusu kwenda pembeni kwa kila mita moja kwenda chini. Mtaro wa mita 2, chini sentimita 60. Juu utafunguka mita 6.6. Udongo wa kutoa kwa kila mita ya urefu unapanda kutoka mita za ujazo 1.2 mpaka 7.2, mara sita. Manzese ungekuwa unachimba na sebule za watu.

Kwa hiyo pale kinabaki kushikilia. Na kushikilia si lazima sanduku la chuma kutoka ng'ambo.

#14 Kabari

Nilijua mtarudi kwangu.

Unaweka mbao wima, inchi 2 kwa 8, zikigusa ukuta kila upande. Juu yake unalaza mbao ya mwendo, ndefu. Katikati unakata mrunda mfupi kidogo kuliko upana wa mtaro, unaugongea kabari mbili, moja huku na moja kule, mpaka ukiupiga nyundo ulie sauti kavu. Ukilia sauti nzito haujakaza. Unaanza juu unashuka, ukiwa umesimama juu au kwenye ngazi, usitumbukie kwanza ndiyo uanze kugongea. Kutoa ni kinyume: chini kwanza, unajaza udongo unashindilia, ndiyo unapanda mrunda wa pili. Mara nyingi watu hufukiwa wakati wa kutoa, kwa sababu kazi imekwisha na kila mtu anataka kwenda nyumbani.

Halafu ule ufa wa injinia. Ukiuona, piga misumari miwili, mmoja kila upande wa ufa, pima kati yao kwa futi kamba, andika kwa chaki kwenye mbao. Baada ya chai pima tena. Ikiongezeka hata kidogo, hakuna anayeingia.

Ni mtaro wa kawaida ninaousemea, wa kufika kifuani au kimo cha mtu. Zaidi ya hapo muite huyo wa kPa achore.

#15 Ustadh wa Mwembeni

Assalaam aleykum. Nina swali la kizembe. Makaburi mbona hayabomoki? Tunachimba kila siku, mchanga wa pwani, wala hatupigi mirunda.

#16 Chepe la Bibi

Kaburini mteja hachuchumai kuunga bomba.

#17 Mchimbaji wa Kwa Mzee

Nani kasema hayabomoki? Nachimba makaburi, nakujibu mimi. Kwenye mchanga huwezi kuchonga mwanandani ubavuni ukakaa, unashuka. Tunachimba wa katikati na kuweka viunza. Na anayeingia kupokea maiti tunawaambia watu warudi nyuma wasijazane ukingoni, ndipo panapokatika. Kila msiba kuna shemeji anataka kusimama pale pale.

#18 Mshikamano

@Ustadh swali si la kizembe hata kidogo. Kaburi ni fupi, urefu wake ni kimo cha mtu. Zile kuta mbili za kichwani na miguuni ziko karibu na zinaushika udongo wa ubavuni. Mtaro wa bomba una mita thelathini bila ukuta wa kukatiza. Tena kaburi linachimbwa asubuhi na jioni limefukiwa, halipati muda wa kukauka na kupasuka. Kisima cha duara nacho kinasaidiwa na umbo, udongo unajibana wenyewe kwa wenyewe pande zote. Ndiyo maana wachimba visima wanachimba duara na kushusha kalavati, badala ya mraba.

#19 Muuguzi wa Zamu

Mmeongea ya udongo, sijaona mtu wa kuongelea aliyefukiwa.

Akifukiwa mpaka kifuani, hata kama kichwa kiko nje na anaongea, yuko hatarini. Kila akitoa pumzi kifua kinasinyaa na udongo unajaza ile nafasi. Pumzi inayofuata ni ndogo zaidi. Kwa hiyo msiache kumfukua mkamngoja bosi. Anzeni kifuani, si miguuni. Na msimvute kwa kamba kiunoni, mtamchana.

Pili, aliyebanwa mapaja kwa masaa, akitolewa anaweza kuonekana mzima halafu akabadilika. Misuli iliyopondwa inamwaga potasiamu na sumu nyingine kwenye damu, moyo unasimama au figo zinafeli. Madaktari Bywaters na Beall waliliandika mwaka 1941 London, kwa watu waliotolewa hai chini ya vifusi vya mabomu wakafa siku chache baadaye kwa figo. Mwambieni daktari alibanwa saa ngapi na wapi, msiseme tu "ameangukiwa na udongo". Sisi mapokezi tunaandika tulichoambiwa.

@Mrunda Mkavu mgonjwa wenu alikaa chini muda gani? Mkojo wake una rangi gani?

#20 Mrunda Mkavu

Nimeuliza ndugu zake. Kama nusu saa, mkojo wa kawaida, wamemwekea dripu nyingi. Asante dada.

#21 Dereva wa Kijiko

Naomba niseme la upande wetu, maana ikitokea wote wanamgeukia mwenye kijiko: "Chota! Chota!"

Iliwahi kunitokea saiti moja nisiyoitaja. Mtu kafukiwa, haonekani. Foremani ananipigia kelele nishushe ndoo. Nilikataa, nikazima injini. Wakanitukana sana. Huwezi kujua kichwa kiko wapi, meno ya ndoo hayachagui. Halafu mashine ile ni tani ishirini, iko ukingoni, inatetema. Ningeisogeza mbele, ukuta wa pili ungewafuata wale waliokuwa wanafukua. Baadaye nikairudisha nyuma taratibu watu wakinielekeza, ndiyo wakachimba kwa mkono. Waliokoa.

Na wale walioruka ndani wa kwanza hawakuwa na hata ubao mmoja. Ukuta wa pili ungeanguka tungekuwa tunahesabu watatu.

#22 Kariakoo Nilikuwepo

Hii ndiyo kama ile ya Kariakoo, ghorofa 16 lilianguka kwa sababu ya kuchimba chini.

#23 Mtaa wa Saba

Unachanganya mawili. La ghorofa 16 ni mtaa wa Indira Gandhi, 29 Machi 2013, lilikuwa bado linajengwa, hakuna habari ya mtaro. La Kariakoo ni 16 Novemba 2024, jengo lenye maduka ndani, watu wako kazini. Hilo ndilo ilisemwa sana kwamba chini palikuwa panachimbwa.

#24 Kariakoo Nilikuwepo

Sawa, ya pili ndiyo niliyokuwepo. Ila hoja inabaki.

#25 Zege Kavu

Mimi nakwenda kinyume na wote. Wafanyakazi wenyewe ndio tatizo. Nimesimamia saiti, nimenunua helmeti, wanazikalia kama viti. Nimeweka ngazi, wanaruka. Nimeweka utepe mwekundu, wamekwenda kuanikia nguo. Ukimwambia usiingie kabla ya mbao anakujibu siku ya mtu ikifika imefika. Hapo sheria itafanya nini?

#26 Mita kwa Mita

Bosi, helmeti na tani tatu za udongo wapi na wapi? Hiyo umenunua ya kupigia picha.

#27 Wa Mjengo

@Zege Kavu ukiwa na njaa na foreman anasema ingia, utasema siku yangu haijafika? Hiyo ni lugha ya mtu ambaye hana namna, anajipoza.

#28 Mama wa Leicester

Niko Uingereza, kazi yangu ni ofisini kwenye kampuni ya ujenzi, napitisha karatasi za usalama. Nimeona #10 ametaja futi 5. Huku hakuna kina cha kusubiri. Zamani watu walikuwa na mazoea ya mita 1.2, sasa kanuni ya 22 ya CDM 2015, kanuni za usalama wa ujenzi za huku, inasema tu uchukue hatua zote zinazowezekana udongo usimwangukie mtu, hata mtaro uwe wa kufika magotini kama mtu atalala ndani kuunga kitu. Naona ina maana zaidi, kwa sababu mleta mada anasema jamaa alikuwa kachuchumaa. Aliyechuchumaa kwenye mita moja ana kichwa chini ya usawa wa ardhi kama aliyesimama kwenye mita mbili.

#29 Bonde la Houston

Dada, kanuni isiyo na namba mkaguzi ataishika wapi? Mimi nataka namba nimwoneshe bosi. "Hatua zote zinazowezekana" bosi atasema ameshazichukua.

#30 Mama wa Leicester

Na bosi wenu wa futi 5 si ndiye anayechimba futi 4 na inchi 11?

#31 Bonde la Houston

Hahaha. Wapo. Nawajua.

#32 Mwana wa Marehemu

Samahani kuingilia. Mzee wangu alifariki shimoni mwaka huu, kibarua wa siku, hana mkataba. Aliyempa kazi ametoa jeneza na gunia la mchele, akasema NSSF haimhusu. Tuna haki yoyote?

#33 Karani Mstaafu

Pole sana kijana, Mungu amrehemu mzee.

NSSF usiende huko. Fidia ya ajali kazini kwa Tanzania Bara iko kwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, kwa sheria ya mwaka 2008, na waajiri wanachangia tangu Julai 2015. Kibarua wa siku naye ni mfanyakazi. Mwajiri kutochangia au kutojisajili ni kosa lake, lisiwe sababu ya nyinyi kunyamaza. Tafuta vitu hivi: ripoti ya polisi, cheti cha kifo kinachotaja chanzo, majina ya waliokuwa naye kazini, na ujumbe wowote wa malipo, hata wa simu, unaoonesha alikuwa analipwa na nani. Usikae, madai yana ukomo wa miezi kumi na miwili. Kwa ndugu wa Zanzibar utaratibu ni mwingine.

#34 Wa Mjengo

Pole ndugu. Kwetu Kenya ni WIBA ya 2007, sheria ya fidia ya walioumia kazini. Kifo, mwajiri anatakiwa kuripoti ndani ya saa 24, na fidia inahesabiwa kwa mapato ya miezi 96. Kuna watu wanakimbilia kortini moja kwa moja, Mahakama ya Juu ilishasema Desemba 2019 madai yanaanza kwa Mkurugenzi wa usalama kazini.

#35 Mwana wa Marehemu

Asanteni wazee wangu. Ujumbe wa malipo upo kwenye simu yake.

#36 Karani Mstaafu

Usiifute hiyo simu. Usimpe mtu akakutengenezee.

#37 Choo cha Nje

Mnaongelea wakandarasi, lakini nusu ya mashimo ya nchi hii hayana mkandarasi. Ni mimi na wewe tunajenga nyumba, tunamwita kijana na chepe achimbe shimo la choo, mita tatu, nne. OSHA, wakala wa usalama kazini, anajuaje? Hakuna bango, hakuna tenda, kwa hiyo nadharia ya bei ya mleta mada hapo haifanyi kazi.

#38 Mrunda Mkavu

@Choo cha Nje inafanya kazi sana. Ulimlipa huyo kijana pamoja na mbao?

#39 Choo cha Nje

Sikumlipa mbao. Ila hata ningemlipa angezipeleka kwake.

#40 Kabari

Hilo nalo lina ukweli mchungu. Mirunda saiti inaibiwa kuliko saruji. Usiku inageuka kuni za mama ntilie, asubuhi unakunywa chai iliyopikwa kwa mrunda wako.

#41 Dereva wa Kijiko

Kuna la hewa pia mmesahau. Shimo refu karibu na choo cha zamani, usimshushe mtu kienyeji. Ile harufu ya yai bovu ikizidi pua inakufa ganzi, unadhani imekwisha kumbe ndiyo imekukamata. Na pampu ya petroli ya kunyonyea maji msiishushe shimoni na mtu ndani, gesi ya sumu kwenye moshi wake haina harufu ya kukuonya. Wa pili anashuka kumwokoa wa kwanza, wa tatu anamfuata wa pili.

#42 Muuguzi wa Zamu

Naunga mkono #41. Hao tunaletewa wawili wawili.

#43 Zege Kavu

Mmenishambulia lakini hamjajibu. Nani ana mamlaka ya kusimamisha kazi mtaro ukipasuka? Foremani anamwogopa mkandarasi, mkandarasi anamwogopa mhandisi mshauri, mshauri anakuja Alhamisi.

#44 Mita kwa Mita

Hapo leo umesema neno. Weka jina la mtu mmoja kwenye bango la saiti, awe na haki ya kusema "tokeni" bila kukatwa siku yake.

#45 Zege Kavu

Na akisema tokeni kila siku?

#46 Mita kwa Mita

Basi mtaro wenu ni mbovu kila siku.

#47 Jirani Mwema

Nimesoma uzi wote, hongereni. Mimi nina shida ndogo. Jirani anataka kuchimba shimo la maji taka la mita tatu karibu na fensi yangu ya tofali. Msingi wa fensi nilishusha nusu mita tu. Anasema atakaa mita moja kutoka fensi. Nimruhusu?

#48 Mshikamano

Usimruhusu kwa mita moja. Kwa kukadiria, chora mstari wa nyuzi 45 kutoka chini ya msingi wako kwenda upande wake. Shimo lisiukate huo mstari. Msingi uko 0.5, shimo 3, basi akae walau mita 2.5, na kama ni mchanga asogee zaidi. Achimbe la duara na kulijengea kadri anavyoshuka. Kiwanja chake kina nafasi?

#49 Jirani Mwema

Nafasi ipo, ila upande ule amepanga kuweka banda la kuku.

#50 Chepe la Bibi

Kuku wahame, fensi ibaki. Una mawasiliano ya Kabari? Mwite aje awapimie hapo hapo.

#51 Kabari

Niandikie pembeni, Jumapili nina nafasi. Futi kamba ninayo, kabari utanunua wewe.